UZI: Newcastle 2016/17, msimu wa baada ya kushuka daraja ambao mpaka leo naupenda kuliko yote

Mzee wa Milia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijana mmoja wa hapa mtaani kwetu Tanga, ambaye timu yake ya England imeshuka daraja, alinifuata barazani na jezi mkononi anataka kuigawa. "Mjomba, mimi nimehama. Timu ikishashuka imekufa." Sikumgombeza, maana nilijiona mwenyewe miaka ile. Nikamwambia akae chini nimsimulie. Tulikwenda mpaka adhana ya Isha ikatukatiza. Nimeona niyaweke hapa kwa wengine walio kwenye hali kama yake. Mods, nawaomba msiuunganishe na uzi wa EPL, hii ni habari nyingine.

Mimi ni Newcastle tangu enzi za mshambuliaji Alan Shearer. Nimeumia na timu hii mara nyingi, lakini Mei 2016 ilikuwa na uchungu wake. Tulishuka siku ambayo hatukucheza hata. Jumatano usiku, tarehe 11 Mei, Sunderland, majirani na mahasimu wetu, waliichapa Everton 3-0, wakajiokoa wao na kutuzamisha sisi. Wao wakamaliza nafasi ya 17 na pointi 39, sisi ya 18 na pointi 37. Pointi mbili tu.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hoja yangu yote imesimama kwenye Jumapili iliyofuata, tarehe 15 Mei.

Mechi ya mwisho, nyumbani St James' Park, dhidi ya Tottenham. Sisi tumeshashuka. Wao wanatafuta pointi za kumaliza juu ya Arsenal. Nilikwenda kibanda umiza kwa mazoea tu, mwenye kibanda mwenyewe akanishangaa: unakuja kutazama maiti? Mpaka mapumziko tunaongoza 2-0. Kipindi cha pili wakarudisha moja, halafu Mitrović wetu akala kadi nyekundu, tukabaki kumi. Nikasema basi, imeisha. Kumbe wale kumi walikwenda kufunga matatu mengine. 5-1! Arsenal ikaipiku Spurs, yaani hao hao Tottenham, nafasi ya pili.

Lakini si mabao yaliyonibakiza kwenye kiti. Ni uwanja. Watu zaidi ya 50,000 wa timu iliyoshuka walikuwa wanaimba jina la kocha, mfululizo. Rafa Benítez alikuwa amekuja Machi, baada ya kocha McClaren kufukuzwa, mechi zikiwa zimebaki kumi. Mtu aliyebeba Ligi ya Mabingwa na Liverpool mwaka 2005, aliyetoka Real Madrid miezi michache tu nyuma. Mkataba wake ulimruhusu kuondoka timu ikishuka, na kila mtu alijua anaondoka. Wale watu walikuwa wanambembeleza abaki. Siku kumi baadaye akasaini miaka mitatu.

Ninachoamini mimi ni hiki: ubingwa wa Championship, yaani daraja la pili la England, wa Mei 2017 ulipatikana siku ile ya Mei 2016. Yaliyofuata ni kazi ya mikono tu. Nitaeleza kwa nini. Wenye swali waulize, nipo.


Kiungo Mkabaji

Mkuu naweka kambi hapa. Ila nianze na pingamizi. Newcastle walishuka na uwanja wa watu 52,000, na fedha za wachezaji waliouzwa, na kocha wa kiwango kile. Kupanda kwao ni ajabu gani? Ningekuwa mimi shabiki wa vilabu vidogo kama Burton au Rotherham ndiyo ningeanzisha uzi.


Mzee wa Milia

Mkuu Kiungo, pingamizi lako ni la haki na ndilo nililolitarajia kwanza. Nikujibu kwa hesabu ya waliokuwa na fedha.

Mwaka ule walishuka watatu: sisi, Norwich na Aston Villa. Wote wana viwanja, wote walipata mgao wa kushuka. Villa ni klabu iliyowahi kuwa bingwa wa Ulaya, 1982, na kiangazi kile walimwaga fedha kwelikweli: McCormack, Kodjia na wengine. Kocha wao Di Matteo, naye aliyebeba Ligi ya Mabingwa na Chelsea, hakumaliza hata Oktoba. Villa wakaishia nafasi ya 13. Norwich wakamfukuza kocha Machi, wakaishia nafasi ya 8. Kati ya watatu, aliyerudi ni mmoja.

Fedha zinakupa wachezaji. Hazikupi Jumanne usiku wa mvua Rotherham. Championship ni timu 24, mechi 46. Unacheza Jumamosi, Jumanne, Jumamosi, na kila anayekuja kwako amejaza wachezaji kumi nyuma ya mpira na kwake hiyo ndiyo mechi ya mwaka. Msimu ule wawili wa juu walikuwa wanapanda moja kwa moja, wa tatu mpaka wa sita wanaingia mchujo wa kugombea nafasi moja iliyobaki, na mchujo ni bahati nasibu. Mchezaji aliyezoea viwanja vikubwa kama Anfield wa Liverpool anaweza kufia huko.

Tazama usajili alioufanya Rafa ndipo utaona akili yake. Waliondoka Wijnaldum kwenda Liverpool, Townsend kwenda Crystal Palace, Janmaat kwenda Watford, na siku ya mwisho ya dirisha Sissoko akaenda Spurs kwa pauni milioni 30. Mwingine angechukua zile fedha akatafuta majina. Rafa akawachukua watu wanaoijua ligi ya chini kwa majina na mitaa. Hanley kutoka Blackburn. Murphy kutoka Ipswich. Diamé kutoka Hull, na huyu miezi michache nyuma ndiye aliyefunga bao la fainali ya mchujo pale Wembley lililoipandisha Hull. Clark kutoka Villa, Hayden kijana wa Arsenal, Ritchie kutoka Bournemouth ambaye alishapanda nao 2015. Na Dwight Gayle, aliyekuwa anakaa benchi Crystal Palace, pauni milioni 10. Yule Gayle alifunga mabao 23 ya ligi.


Binti wa Makorora

Shikamoo mzee wa Milia. Huo mgao wa kushuka ndio nini? Nasikia kila mara "parachuti, parachuti" na sijawahi kueleweshwa.


Mzee wa Milia

Marahaba mwanangu. Ni hivi: klabu ya Ligi Kuu inalipa mishahara kwa kutegemea fedha za televisheni. Ukishuka, fedha zile zinakatika ghafla lakini mikataba ya wachezaji inabaki. Ili klabu isidondoke kama jiwe, Ligi Kuu inaendelea kuipa sehemu ya ule mgao ambao klabu zote hugawana sawa: mwaka wa kwanza asilimia 55, wa pili 45, wa tatu 20. Ule wa tatu hupewi kama ulikaa juu msimu mmoja tu. Ndiyo maana wanaita parachuti, unashuka polepole.

Sasa uone mtego wake. Mwaka wa kwanza ndio wenye mgao mkubwa, na wachezaji wazuri bado hawajaondoka wote. Usiporudi mwaka ule, kila mwaka unaofuata mlima unakuwa mrefu zaidi. Kwa hiyo hofu ya msimu wa kwanza si ya kuigiza. Anayesema "tutapanda mwakani" hajawahi kuona klabu ikizama. Sunderland, wale wale waliotuzamisha 2016, walishuka 2017 wakiwa mkiani, na mgao wao mkononi. Mwaka mmoja baadaye wakashuka tena, mpaka daraja la tatu, wakakaa huko misimu minne. Ni mahasimu wetu, lakini sikuwacheka. Nilijua sisi tulipita mlango ule ule, ila wetu ulifunguka upande mwingine.


Mtoto wa Bandarini

Mzee, tupe msimu wenyewe sasa. Mechi!


Mzee wa Milia

Haya.

Tulianza kwa kupigwa. Tarehe 5 Agosti, Fulham ugenini, 1-0. Wiki moja baadaye Huddersfield wakaja kwetu wakashinda 2-1. Mechi mbili, pointi sifuri. Hapa mtaani walinipa jina, silitaji. Kisha Reading akala nne, tukaenda Bristol City tukapata moja bila, Brighton akala mbili kwetu, Derby mbili kwao, na tarehe 13 Septemba tukaenda London kwa QPR tukawafunga sita bila. Ndani ya mwezi mmoja timu ilikuwa nyingine.

Lakini usiku ninaotaka kuwapeleka ni Jumatano, 28 Septemba. Norwich walikuja St James' Park. Kwa saa za kwetu mechi inaanza saa tatu na dakika arobaini na tano usiku, na hakuna kibanda hata kimoja mjini kilichokuwa kinaonyesha Championship. Umeme ulikuwa umekatika. Nimekaa uani juu ya mkeka, simu ina chaji asilimia tisa, nafuatilia maandishi ya mtandaoni, yale yanayojisasisha kila dakika. Gayle anafunga. Norwich wanarudisha. Norwich wa pili. Norwich wa tatu! Gayle anarudisha, 3-2. Naangalia saa: dakika ya 90 imepita. Mke wangu ananiambia njoo ulale, nakuja, nakuja. Dakika ya 95, Gouffran anasawazisha, 3-3. Nimesimama. Nasasisha ukurasa, hauji. Nasasisha tena, unazunguka tu. Chaji asilimia tatu. Ukafunguka: Gayle, dakika ya 96, bao lake la tatu. 4-3.

Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka na tochi akidhani mwizi. Nikamwambia Newcastle. Akaniuliza, Newcastle ndio nani tena, si walishashuka? Nikamwambia ndiyo, wameshuka. Tukabaki tunatazamana pale kwenye uzio.

Sijawahi kusikia raha ile timu ikiwa Ligi Kuu inagombania nafasi ya 17. Miaka mitatu minne kabla ya hapo nilikuwa naangalia mechi nikihesabu pointi za kunusurika. Msimu huu nilikuwa naangalia timu inayotaka kushinda.


Kiungo Mkabaji

Hapo umenigusa mkuu. Ila kumbukumbu yangu inaniambia mlipoteza mechi nyingi za kijinga.


Mzee wa Milia

Kumi. Tulishinda 29, sare saba, tukapoteza kumi. Na mengine yaliuma.

Blackburn, ambao wenyewe walikuja kushuka mwishoni mwa msimu, walitufunga nyumbani na ugenini, moja bila kote kote. Nottingham Forest, 2 Desemba: Shelvey na Dummett wote walitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, kadi ambazo baadaye zilifutwa kwa rufaa. Tukacheza tisa. Kipa wetu Darlow akaokoa penalti mbili siku ile, mbili, na bado tukapoteza 2-1. Siku chache kabla tulitolewa na Hull kwenye robo fainali ya Kombe la Ligi kwa mikwaju ya penalti. Kisha Shelvey huyo huyo akafungiwa mechi tano kwa maneno ya kibaguzi aliyomtolea mchezaji wa Wolves. Hilo silitetei. Nililiandika wakati ule kwenye kundi letu la WhatsApp na narudia hapa: hata awe kiungo bora wa ligi, alistahili adhabu.

Kisha kuna lile la Burton, Aprili 2017, ambalo mpaka leo nikimsimulia mtu haamini. Tunapewa penalti, Ritchie anafunga. Gayle alikuwa ameingia ndani ya boksi mapema. Sheria ya wakati ule ilikuwa wazi, penalti inarudiwa. Mwamuzi akawapa Burton mpira wa adhabu! Rafa yuko pembeni ya mstari anamwonyesha mwamuzi wa akiba kwa mikono miwili, kama mwalimu anayemwelekeza mtoto, kwamba inarudiwa, inarudiwa. Haikurudiwa. Wakubwa wa waamuzi walikiri kosa baadaye. Kwa bahati Ritchie alifunga kipindi cha pili, moja bila, tukaondoka na pointi tatu.

Mechi iliyonithibitishia kwamba tunapanda ilikuwa Brighton ugenini, 28 Februari. Wao na sisi ndio tulikuwa juu. Wanatuongoza kwa penalti ya Murray, zimebaki dakika kumi hivi. Mpira unamgonga Diamé kisigino bila yeye kujua vizuri, unapaa, unamvuka kipa, unaingia. Kisha dakika ya 89 Ayoze Pérez anamalizia. 2-1. Siku nne baadaye tukaenda kwa Huddersfield, 3-1. Pale nilianza kulala vizuri.


Mwana wa Kivu

Salamu ndugu zangu, mimi niko Bukavu. Mzee umezungumza wote ila hujamtaja beki Mkongo mwenzetu, Chancel Mbemba. Sisi huku tulifuata Newcastle kwa ajili yake, na kabla yake kwa ajili ya Lomana LuaLua na zile sarakasi zake akifunga. Msimu huo Mbemba alipangwa mara chache sana, na mimi Rafa simsamehe.


Mzee wa Milia

Karibu sana ndugu yangu wa Kivu. LuaLua! Umenirudisha mbali. Watoto wa hapa waliumia viuno kwa kujaribu zile sarakasi kwenye mchanga.

Kuhusu Mbemba una haki ya kulalamika. Alitoka Anderlecht 2015, msimu wa kwanza akacheza karibu kila mechi, halafu tuliposhuka Lascelles akapewa unahodha na Clark akasimama naye, Mbemba akabaki akisubiri. Nami naona alistahili zaidi. Lakini ngoja nimalize, maana jina lake linakuja mahali pazuri.

Aprili tulianza kutetemeka. Leeds wakasawazisha kwetu dakika ya 95. Ipswich wakatupiga 3-1. Brighton wakapanda kabla yetu. Jumatatu, 24 Aprili, Preston wakaja St James' Park, na tukishinda tumepanda. Pérez akafunga, Preston wakasawazisha, Atsu akafunga kabla ya mapumziko, Ritchie kwa penalti, Pérez tena. 4-1. Tumerudi, mechi mbili zikiwa zimebaki.

Sasa ubingwa. Brighton walihitaji pointi tatu tu katika mechi tatu za mwisho. Wakapoteza kwa Norwich. Wakapoteza kwa Bristol City. Jumapili ya mwisho, 7 Mei, walikuwa kwa Villa, sisi nyumbani na Barnsley. Pérez bao la kwanza. La pili, ndugu yangu wa Kivu, ni Chancel Mbemba. Dakika za mwisho Gayle anaongeza la tatu. Lakini kule Birmingham Brighton walikuwa wanaongoza, kwa hiyo kombe lilikuwa lao. Dakika ya 89, Jack Grealish anapiga kutoka mbali, kipa anaubabaisha mpira, unaingia. 1-1. Villa, walioshuka pamoja nasi, ndio waliotupa ubingwa. Pointi 94 kwa 93.

Kwa hiyo siku ya kombe, Mkongo alikuwa kwenye orodha ya wafungaji. Hilo halifutiki.


Mwana wa Kivu

Mzee, umenipoza. Nilikuwa nimesahau bao hilo kabisa. Asante.


Binti wa Makorora

Na Atsu ndiye yule wa Ghana aliyefariki kwenye tetemeko?


Mzee wa Milia

Ndiye, mwanangu. Christian Atsu. Alikuja kwa mkopo kutoka Chelsea msimu ule ule wa Championship, winga wa kushoto, mfupi, mwepesi. Baadaye klabu ikamnunua. Februari 2023 alikuwa Uturuki na Hatayspor. Tarehe 5 usiku alifunga kwa mpira wa adhabu dakika za nyongeza, timu ikashinda, na alfajiri ya kuamkia tarehe 6 ardhi ikatikisika. Walimpata baada ya siku kumi na mbili. Alikuwa na miaka 31.

Nilipoisikia ile habari sikukumbuka mechi za Ligi Kuu. Nilikumbuka Cardiff, 28 Aprili 2017, Ijumaa usiku, siku nne baada ya kupanda. Timu imeshatimiza kazi yake, wangeweza kucheza wamechoka. Mpira wa adhabu nje ya boksi. Atsu akauweka chini, akarudi hatua chache, akaupitisha juu ya ukuta. Safari hiyo niliona kwa macho, rafiki yangu alikuwa amepata picha kwenye kompyuta yake, inakatika katika. Picha iliganda mpira ukiwa hewani. Tulikaa tumekodoa macho hatujui kama umeingia. Iliporudi, Atsu alikuwa tayari amezungukwa na wenzake.

Yule kijana wa jezi alipita tena leo asubuhi. Jezi ameivaa. Kaniuliza mechi ya kwanza ya Championship ni lini na inaanza saa ngapi kwa saa za kwetu.